Maneno Tuliyoyapitisha Juu ya Waya

Nimeacha kufundisha mwaka huu. Si kwa uzee, kwani mvi zangu bado mtu anaweza kuzihesabu, ni masikio. Moja lilikufa zamani, nitaeleza lilifia wapi na mikononi mwa nani, na la pili limechoka kufanya kazi ya mawili. Walimu vijana wa kisomo cha watu wazima wameniomba niwaandikie jinsi tulivyoanza kazi hii huku Majengo. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute madoido. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikunisumbua, vilikuwa na shughuli kwingine. Lakini watu waliotutenda nitawataja kama mama zao walivyowaita. Wengine wamekufa, na nasikia marehemu hasemwi. Wao walipokuwa hai walinisema mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa mfagiaji katika shule moja ya mchana. Jioni nilikwenda kwa Maalim Athmani, aliyenifundisha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo. Alikuwa amefungua darasa la watu wazima katika chumba cha uani nyumbani kwa Bi Mwanaisha, nyumba ya udongo yenye paa la madebe yaliyopondwa. Macho ya Maalim yalikuwa yakififia, akataka mtu wa kumshikia chaki. Ndivyo nilivyoingia ualimu: kwa mlango wa chaki.

Siku ya kwanza Maalim alikuwa na homa, akaniambia niwape maneno ya kitabu cha afya. Nikajaza ubao. Nikawaimbisha mpaka majirani wakagonga ukuta. Kesho yake nikauliza, hakuna aliyekumbuka hata moja. Alikuwapo Wekesa, mtu wa kusafisha magari-moshi karakana ya reli, mwili kama kabati. Akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo maneno yote ilitoka na jasho."

Maalim, ambaye homa ilikuwa imemwachia, akacheka mpaka akakohoa. "Rajabu," akaniambia, "mtu mgeni akihamia Majengo, unamjuaje?"

"Nauliza ni wa nyumba ya nani."

"Basi na neno liulize ni la nyumba ya nani."

Akapapasa ubao, akaandika *hukumu*. Chini yake akaandika *hakimu*, kisha *mahakama*, kisha *hekima*. "Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Ukimjua mmoja, mwingine akikupita njiani utamtambua kwa pua yake."

Hilo ndilo somo lote, vijana. Yaliyofuata ni jasho tu.

Wanafunzi wetu walijua Kiswahili cha soko na cha kazini. Wekesa alipima grisi na mafuta kila siku ya Mungu, lakini akifungua kitabu cha hesabu akakutana na *kipimo*, *vipimo*, *upimaji*, alitetemeka kama kaona chui. Hakujua kuwa yule chui ni mbuzi wake mwenyewe kavishwa ngozi. Kazi yangu ikawa kumvua ngozi. Nilikata kadi kutoka maboksi ya sabuni. Mzizi wa neno niliuandika kwa rangi nyeusi. Vile vinavyotangulia na vinavyofuata, tulivyoviita vichwa na mikia, niliviandika kwa nyekundu niliyoomba kwa fundi wa mikokoteni kule Gikomba. Kila kadi ilikuwa na tundu, na ukutani palikuwa na misumari. Mtu anaangika *pim* katikati, anatafuta kichwa, anatafuta mkia, anasoma. Msikate kadi nyembamba. Watu wazima wana vidole vya kazi. Tena msianze na neno kubwa. Anzeni na lile ambalo mtu analifanya kwa mikono yake, mkia wenyewe atautafuta.

Halafu tulikuwa na desturi ya mlangoni. Kila mwanafunzi alipewa mzizi wake, ukawa kama shamba lake. Ili uingie darasani lazima uje na ndugu mpya wa neno lako, uliyemwokota popote: msikitini, kanisani, sokoni, kwenye tangazo la ukutani. Bawabu alikuwa Bi Mwanaisha, anayekaa kizingitini juu ya mkeka wake akichambua mchele. Unainama, unamnong'oneza. Akikubali, anakupa kadi tupu, unaingia kuliandika.

"Hilo halina ukoo," angekwambia. "Umelizaa mwenyewe njiani. Rudi katafute."

Mtanielewa nikisema kwamba kunong'ona hakukuwa na siri yoyote. Sababu ilikuwa Wekesa. Akisikia neno la mwenziwe alikuwa analibeba, anakwenda kujigamba nalo karakana, kesho analitoa darasani kama lake, na mwenyewe inambidi atafute jingine. Watu walimchukia kwa hilo kuliko angeiba kuku.

"Mimi siibi," alikuwa akisema. "Neno haina mwenyewe."

"Kama halina mwenyewe mbona unalificha kofiani?" Bi Mwanaisha akamjibu.

Njeri alikuja mwaka ule Maalim Athmani alipofariki, darasa likabaki mikononi mwangu. Msichana mkubwa, mwembamba, anakaa Bahati kwa mjomba wake, anauza sukumawiki na mama mmoja pale Shauri Moyo. Alisoma misheni miaka michache, karo ikakatika. Alikuwa akisema kidogo sana hata nikadhani hasikii. Nilimpa mzizi wa *zaa*. Akafunika uso kwa leso.

"Unaona haya ya nini?" Bi Mwanaisha akamuuliza. "Wewe ulianguka kutoka mtini?"

Kumbe haya yake haikuwa ya neno. Alitaka ukunga, akaogopa tumejua. Hospitali moja ilikuwa inachukua wasichana wa kufundishwa kazi ya kuzalisha, na mlango wake ulikuwa mtihani wa kuandika: unapewa kurasa za mambo ya tiba kwa Kiswahili cha vitabuni, unaeleza kwa maneno yako kilichosemwa. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake, kwa kuwa mwaka unaofuata angekuwa amepita umri wanaoutaka. Mjomba alikuwa amesema wazi: asipopita, anarudi kijijini kuolewa na mtu aliyekwisha chaguliwa. Basi Njeri aliokota ndugu wa *zaa* kama anayeokota kuni mvua inakuja. *Mzazi. Uzazi. Kizazi. Mazao. Mzaliwa.* Mpaka Bi Mwanaisha akawa anamsogezea mkeka akae.

Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imeushika mji kooni, serikali ya Waingereza ikiwasaka waasi wa msituni na kila aliyekula kiapo chao. Wakikuyu walizungushiwa waya Bahati, wakawa wanatoka na kurudi kwa pasi na kwa saa. Nililisogeza darasa kutoka jioni hadi alasiri ili Njeri awahi geti lao. Wekesa akaomba zamu ya alfajiri ili asikose. Alinung'unika, lakini aliomba.

Sasa majina.

Zakaria Ndolo alikuwa karani wa hedimeni, mkuu wa mtaa wetu. Alikitaka kile chumba cha uani amweke shemeji yake auze pombe, Bi Mwanaisha akamwambia chumba kina wapangaji, tena wapangaji wake ni maneno. Ndolo hakupenda kuchekwa. Alikaa siku kadhaa kwenye kibaraza cha jirani akitazama mlango wetu, akaona anachotaka kuona: watu wanakuja mmoja mmoja, wanainama, wanamnong'oneza mwanamke mzee, wanapewa kipande cha boksi, wanaingia. Akenda kituoni kusema ni kiapo cha waasi.

Peke yake asingesikilizwa, alijulikana. Lakini alimpata shahidi, naye ni Fadhili Kombo, mwalimu wa shule niliyokuwa nikifagia. Mwalimu wa cheti na tai. Huyu Fadhili alikwisha kuja kwangu mara nyingi kuazima kadi zangu akawafundishie watoto wake, na alizirudisha zikiwa na mafuta ya maandazi. Alijua kila msumari wa ukuta ule. Kwa nini alifanya vile sijui mpaka leo. Wengine husema aliogopa. Sote tuliogopa, mbona hatukwenda kwa Ndolo?

Askari walituingilia alasiri, Wekesa akiwa ubaoni. Walibeba watu, kadi, hata benchi. Kituoni walitusimamisha ukutani. Mzungu mmoja alikaa nyuma ya meza akivuta kiko. Aliyekuwa akiuliza ni sajini mrefu, mtaratibu, aina ya mtu anayefunga kamba za viatu mara mbili.

"Neno lenu la siri ni lipi?"

"Hatuna, afande," nikasema. "Kila mtu ana lake."

Sikumaliza. Konstebo Hamisi Tende alinipiga kwa kiganja, na hapo ndipo lilipobaki sikio langu la kushoto. Kama bado yuko hai na anasoma haya, ajue silidai. Halina tena faida kwake wala kwangu.

Fadhili akaitwa. Alisimama wima akasema, "Nimewaona kwa macho yangu. Wananong'ona mlangoni, kisha wanapewa karata. Karata zina alama nyekundu." Kila alichosema kilikuwa kweli, na vyote pamoja vilikuwa uongo. Sijawahi kusikia mtu akiutumia vizuri zaidi ualimu wake.

Njeri alikuwa wa mwisho ukutani. Sisi wengine tulikuwa tunangoja kipigo. Yeye alikuwa anangoja lori la kwenda kizuizini. Wa Bahati aliyepatikana na jambo kama hilo hakurudi Bahati, na mtihani ulikuwa umebakisha majuma machache.

Ndipo tukasikia sauti mlangoni. "Nani anamtafuta bawabu? Mimi hapa."

Bi Mwanaisha, ambaye askari walimwacha kizingitini kwa uzee wake, alikuwa amekuja na mkeka wake kwapani.

"Nyanya, rudi nyumbani," sajini akamwambia.

"Nikakae juu ya nini? Mmebeba hata benchi." Akatandika mkeka mbele ya meza ya Mzungu, akaketi. "Kama ni kiapo, basi mimi ndiye niliyewalisha, maana ni sikioni mwangu walimonong'ona. Sasa njoo, mwanangu, inama. Nitakwambia walichosema leo, mmoja mmoja. Kisha waulize mbali mbali."

Sajini alimtazama Mzungu, Mzungu akatikisa kiko. Basi mtu mrefu yule, na bunduki yake, akainama kwenye mkeka kama wanafunzi wangu walivyoinama, akanong'onezwa. Halafu akaanza kutuita.

"Wewe, fundi cherehani. Ulisema nini?"

"*Mshono*, afande."

"Wewe kabati?"

"*Upimaji*," Wekesa akasema, kisha akaongeza, "na hiyo ni yangu, sikuiba."

Kila mmoja alitoa lake, na kila moja lilikuwa lile sajini aliloambiwa mkekani. Nikaona sajini analegea mabega. Akafika kwa Njeri. Njeri akakaa kimya. Akamuuliza tena. Kimya. Konstebo Tende akasogea.

"Huyu ndiye," Ndolo akadakia kutoka mlangoni. "Huyu ndiye mwenye siri yao."

Nilitaka kupiga kelele. Macho ya Njeri hayakuwa kwa sajini wala kwa Tende. Alikuwa anamtazama Wekesa. Bi Mwanaisha akaliona jambo kabla yangu, akapiga goti lake kwa mkono.

"Hana siri, ana mwizi! Mtoeni nje yule kabati, hasemi mbele yake!"

Wakamtoa Wekesa akilalamika. Mlango ulipofungwa Njeri akasema polepole, "*Uzao*."

"Ndilo," sajini akasema. Kisha akamkodolea macho. "Msichana, ungekwenda na lori kwa ajili ya hilo?"

"Nimelitafuta wiki nzima, afande. Yeye angelibeba."

Sajini alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mzungu akataka kuelezwa, akaelezwa, hakucheka. Akasema turudi makwetu, kunong'ona kukome, na kadi zichomwe. Halafu akachukua pasi ya Njeri akaandika kwamba hana ruhusa tena kukanyaga Majengo. Sokoni aende, Bahati arudi, basi.

Ndolo alitabasamu. Aliona ameambulia kitu.

Tulirudi makwetu. Njeri alikuwa na vitabu viwili vikuukuu na kurasa nyingi za tiba asizozijua, na mtu wa kumfungulia maneno yuko upande wa pili wa amri. Nilimwambia Bi Mwanaisha tumeshindwa.

"Amesema nini yule mtu wa kiko?" akaniuliza. "Amesema msinong'one. Basi pigeni kelele."

"Majengo haruhusiwi kuja."

"Yeye haruhusiwi. Wewe Bahati umekatazwa?"

Nje ya waya wa Bahati palikuwa na njia ya watu wote, wanayopita wafanyakazi wa reli wakitoka zamu. Usiku ule nilitafuta maboksi mapya, na kesho yake alasiri nikasimama pale njiani, hatua chache kutoka waya, kadi kifuani. Njeri alikuwa amerudi kutoka sokoni. Aliponiona akaja mpaka kwenye waya, upande wa ndani, akasimama. Nikainua kadi. Nyeusi katikati, nyekundu pembeni, herufi kubwa kama za duka.

Askari wa zamu akaja mbio. "Wewe! Unafanya nini?"

"Nafundisha."

"Unafundisha nani? Waya?"

"Yule pale. Ana mtihani."

Akatazama kadi, akatazama Njeri, akakuna shingo. "Soma basi. Lakini kwa sauti, nisikie kila kitu. Na mtu asiguse waya."

Kwa sauti tulisoma. Wekesa alikuja kutoka zamu, mweusi kwa masizi, akasimama kando yangu. Sikujua kama ataweza kumtazama yule msichana usoni. Akapanua kifua akapiga kelele ambayo nadhani waliisikia Makadara:

"Njeri! Nimekuletea moja! Kule karakana kuna karatasi ya ukuta imesema *maambukizo*! Mimi sijui ni nini, chukua wewe!"

Mwizi wa maneno, vijana, alikuwa ameanza kugawa. Baada ya hapo alileta kila siku. Alisimama mbele ya matangazo ya zahanati ya kazini kwao mpaka msimamizi akadhani ni mgonjwa. Fundi cherehani naye akaja. Sisi nje tunapaza neno, Njeri ndani analivunja, anatupa vipande: huu mzizi, huu mkia, maana yake hii. Askari wa zamu alianza kwa kutuchunga akaishia kuingilia.

"*Mazalia* je?" akauliza siku moja, bunduki begani. "*Mazalia* si ya nyumba yake?"

"Ni ya nyumba yake, afande," Njeri akamjibu.

"Nilijua," akasema, akaenda akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku ya mtihani Njeri alipewa ruhusa ya kwenda na kurudi. Nilimngoja nje ya lango la hospitali tangu asubuhi, nimevaa kanzu yangu ya Idi. Wasichana walitoka, wengine wakilia. Yeye alitoka akitembea taratibu, akasimama mbele yangu.

"Kulikuwa na neno, mwalimu. Sijawahi kuliona popote. *Utakasaji*. *Utakasaji wa vyombo*."

Hata mimi nilikuwa sijampa hilo.

"Ukafanyaje?"

"Nilifunika kichwa kwa kidole. Nikafunika mkia. Ikabaki *takasa*." Akaanza kutabasamu. "Hiyo tunaiimba kanisani kila Jumapili. Nikaandika: kuviondolea vyombo kila uchafu usioonekana, visimdhuru mzazi wala mtoto."

Nimefundisha watu wengi baada yake, wengine wana ofisi zenye zulia, lakini nikiulizwa kazi yangu ilikuwa nini, ni kile kidole juu ya karatasi. Hapakuwa na mimi mle ndani, wala kadi, wala Bi Mwanaisha. Alikuwa peke yake na neno asilolijua, na neno likamfungukia.

Walimchukua. Akapewa chumba kwenye hosteli ya wanafunzi wa ukunga, na pasi nyingine. Fadhili Kombo alikuja kunipa mkono wa hongera, akaniomba tena kadi za kuazima. Nilimpa. Nilimwambia aoshe mikono kwanza. Ndolo hakuja, na alihamishwa bila kukipata chumba cha uani.

Baada ya Njeri kuondoka sikuwa na kazi tena Bahati. Lakini nilikuwa na deni la shukrani kwa yule askari, nikapitia siku moja alasiri nimuage. Kutoka mbali niliona watu ndani ya waya, nikadhani ni msako mwingine, nikataka kurudi. Nikaendelea. Walikuwa wanawake: wauza mboga, wafua nguo, mama mmoja na mtoto mgongoni, wasichana wawili waliosuka nywele sawasawa. Wamekaa chini kwa mstari, nyuso zimeelekea njiani, na kila mmoja anatembeza midomo kama mtu anayehifadhi jambo lisimtoke.

Askari akaniona. Akaweka mkono kiunoni.

"Umechelewa, mwalimu," akasema. "Wana maneno hapa, na mimi nimeshindwa kujua yapi yana ukoo."